Magombo Yanayoimbwa: Sanaa ya Wapatua wa Bengali

Walimu wenzangu, wanafunzi wa sanaa, wazazi na wageni wetu, habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie sanaa za jadi za India. Nchi ile ina sanaa nyingi mno, na nikijaribu kuzigusa zote nitawachosha bure. Kwa hiyo nimechagua moja ninayoipenda kupita kiasi: magombo ya picha ya Bengali, eneo ambalo leo limegawanyika kati ya mashariki ya India na Bangladesh, na watu wanaoyachora, ambao huitwa wapatua.

Hilo mnaloliona limetundikwa mbele yenu ni moja ya magombo hayo. Nimelitundika ili walio nyuma nao waone, lakini kwa wenyewe halikai hivyo. Gombo hukaa limekunjwa ndani ya mfuko wa begani pamoja na mengine. Mpatua akifika uani kwa watu, hukaa chini, huchagua moja, hufungua kipande cha kwanza, huweka kidole juu ya picha na kuanza kuimba. Ubeti ukiisha, hukunja kipande cha juu na kufungua kinachofuata. Wasikilizaji hawajui kilichoko chini mpaka zamu yake ifike. Akimaliza hupewa mchele, mboga, nguo kuukuu au sarafu, naye hubeba mfuko wake kwenda nyumba ya pili.

Hoja yangu ya leo ni moja tu. Picha hizi zilichorwa ili ziimbwe. Ukilitenga gombo na wimbo wake, umebaki na nusu ya kazi, na nusu hiyo ndiyo dunia imeikusanya kwa pupa.

Niwape mfano ulio wazi. British Museum ya London inalo gombo la mwaka 1800 hivi, lenye urefu wa karibu mita 13 na picha 54. Linamhusu Gazi Pir, walii wa Kiislamu anayeheshimiwa na Waislamu na Wahindu pia katika misitu ya mikoko ya Sundarbans, kwa kuwa inaaminika ana mamlaka juu ya chui wakubwa wa milia wa huko. Wakata kuni na warina asali walimwomba kabla ya kuingia msituni. Ni kazi ya ajabu: Gazi amempanda mnyama yule, mkononi ameshika nyoka. Lakini baadhi ya picha zake wataalamu wamebaki wakikisia maana, kwa sababu wimbo haukusafiri pamoja nalo. Karatasi ipo, rangi zipo, na bado hatujui yule mtu wa kwenye kipande fulani ni nani wala analilia nini. Mimi jambo hilo huniuma kila ninapolifikiria.

Sasa nataka tulisikilize gombo letu. Hili ni la Manasa, mungu wa kike wa nyoka. Bengali ni nchi ya mito na mafuriko, na mvua za masika zikija nyoka hupanda hadi majumbani, kwa hiyo hadithi hii kwao ni habari ya nyumbani kabisa.

Kipande cha juu kabisa ni kikubwa kuliko vingine vyote: Manasa ameketi, nyoka wamemzunguka kila upande, wengine wamekuwa taji. Hapo mpatua humsalimu kwa wimbo kabla ya kuanza kisa. Chini yake mnamwona mwanamume mnene mwenye masharubu. Huyo ni Chand Sadagar, mfanyabiashara tajiri mwenye majahazi. Yeye humwabudu mungu Shiva peke yake, na ameapa kwamba mkono unaomtolea Shiva hautamtolea Manasa hata ua moja. Manasa naye hawezi kukubalika duniani mpaka Chand amwabudu. Ndiyo vita yenyewe. Wanawe sita wanauawa na nyoka, majahazi yake yanazama, na Chand hasalimu amri.

Anabaki mtoto wa saba, Lakhindar. Anaposwa msichana aitwaye Behula, na utabiri unasema bwana harusi atafia chumbani usiku wa harusi kwa kuumwa na nyoka. Chand anajenga chumba cha chuma, hakina dirisha wala ufa. Lakini Manasa amekwisha kumtisha fundi, na fundi ameacha tundu jembamba kama unywele. Tazameni kipande cha tano: bibi na bwana wamelala, na kwenye kona ya ukuta mstari mmoja mweusi unaingia. Mchoraji ameupitisha mstari huo kwa mkono mmoja bila kuunyanyua, na unavyokaribia mguu wa Lakhindar ndivyo unavyonenepa. Mpatua akifika hapa huteremsha kidole polepole kuufuata mstari, na sauti nayo huteremka pamoja nacho. Picha peke yake isingeweza kufanya hivyo, wala wimbo peke yake.

Aliyekufa kwa kuumwa na nyoka hakuchomwa moto kama desturi ya Wahindu ilivyo. Aliwekwa juu ya chelezo cha migomba na kuachwa mtoni, pengine atakutana na tabibu huko mbele. Behula anakataa kubaki. Anapanda chelezo na maiti ya mumewe, nao wanakwenda na maji miezi na miezi. Vipande vitatu hapa vinarudia picha ile ile: mto, chelezo, mwanamke ameketi wima, maiti mapajani. Kinachobadilika ni walio ukingoni, mara mbwa mwitu, mara wanaume wanaomwita aache wazimu, mara mamba. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini mchoraji amejirudia. Ukisikia wimbo huulizi tena, kwa maana kila kituo kina ubeti wake na kiitikio ni kile kile. Sisi tuliozoea kusikiliza utenzi ukighanwa, na kina cha mwisho kikirudi kila ubeti, tunalielewa hilo haraka.

Mwishoni anafika mahali ambapo Neta, dobi wa miungu, anafua. Mtoto wa Neta anamsumbua, Neta anamuua, anamaliza kufua, kisha anamfufua na kuondoka naye. Behula anaona yote, anamfuata mpaka mbinguni na kucheza ngoma mbele ya miungu. Anarudishiwa mume, mashemeji sita na majahazi yote, kwa sharti kwamba baba mkwe amwabudu Manasa. Na Chand anakubali, kwa ajili ya mkwewe. Lakini itazameni ile picha ya mwisho kabisa: uso ameugeuza pembeni, na ua anamtolea Manasa kwa mkono wa kushoto. Hata aliposhindwa, alishindwa kwa masharti yake. Kwa upande wangu, hakuna mwisho wa hadithi unaoupita huu kwa heshima unayompa kila mmoja wao.

Wimbo haukomi hapo. Ubeti wa mwisho ni wa mpatua mwenyewe: hutaja jina lake na kijiji chake.

Tuje kwenye vifaa. Gombo ni karatasi zilizounganishwa kwa urefu, na mgongoni hubandikwa kitambaa cha sari kuukuu ili lisichanike likikunjwa na kukunjuliwa mara elfu. Rangi za asili mngeweza nyingi kuzipata hapa kwetu. Njano ni manjano ya jikoni. Nyeusi ni masizi ya taa au mchele uliounguzwa. Kijani hukamuliwa kutoka majani ya fiwi, zambarau kutoka matunda ya nderema, na rangi ya damu ya mzee kutoka majani machanga ya msaji. Nyekundu ya machungwa hutoka kwenye mbegu za mzingefuri, mti uleule unaolimwa Kwale kwa ajili ya rangi. Buluu ni ya ua la mtambao uitwao aparajita, na nyeupe ni udongo. Kila rangi huwekwa kwenye kifuu cha nazi na kuchanganywa na utomvu wa tunda la mti wa bel, ambao ndio gundi yake, kisha huachwa juani ikaze. Siku hizi wengi hutumia pia rangi za dukani, hasa kwa kazi za haraka.

Wapatua ni akina nani? Wengi wao hutumia jina la ukoo la Chitrakar. Sehemu kubwa yao ni Waislamu: huoa kwa nikahi, hutahiri watoto wao, huzika wafu wao. Na riziki yao kwa karne nyingi imekuwa kuimba habari za Rama, Krishna, Durga na Manasa mbele ya nyumba za Wahindu. Wengi wamekuwa na majina mawili, moja la Kiislamu na moja la Kihindu. Wenyewe husimulia kwamba babu yao alimchora Mahadev, yaani Shiva, bila ruhusa. Mahadev alipotokea ghafla, mchoraji aliogopa akaificha brashi mdomoni, ikanajisika kwa mate. Mahadev akakasirika, akamwambia: tangu leo utafuata desturi za Waislamu, na kazi yako itakuwa kuwachora miungu.

Simulizi hiyo huchekesha, lakini maisha yenyewe hayakuwa mepesi. Walio juu katika daraja za Kihindu waliwaona najisi, na baadhi ya Waislamu waliwalaumu kwa kuchora sanamu za miungu. Walibaki katikati, na hapo katikati wakatengeneza kazi inayopokewa na pande zote mbili. Katika nyakati hizi ambapo India imevutana sana kwa sababu ya dini, mimi naona kuwepo kwao ni ushahidi mzito kuliko hotuba nyingi, hii yangu ikiwamo.

Kazi yenyewe ni ya kale. Mwandishi Bana, aliyekuwa katika baraza la mfalme Harsha wa kaskazini mwa India katika karne ya 7, ameeleza mfalme akipita barabara ya sokoni na kumwona mwanamume amezungukwa na watoto. Mkononi ana kitambaa kilichochorwa Yama, mungu wa mauti, amepanda nyati, naye anaonyesha kwa unyasi adhabu zinazowangoja watu baada ya kufa. Na hadi leo magombo mengi ya Bengali humalizikia kwa Yama: waovu wakitokoswa sufuriani, wema wakibebwa juu.

Mauti yana gombo lake maalumu pia. Miongoni mwa Wasantali, watu wa mpakani mwa Bengali na Jharkhand, kuna wachoraji wanaoitwa jadu patua. Mtu akifariki, mchoraji hufika nyumbani kwa wafiwa na picha ndogo ya marehemu. Ina mwili, ina nguo, imekamilika kila kitu isipokuwa mboni za macho. Huwaambia kwamba marehemu anatangatanga huko aliko kwa kuwa haoni njia. Wafiwa wakishatoa sadaka, mchoraji huchovya brashi na kutia nukta mbili. Kuna wanaosema ni njia ya kuwakamua fedha maskini waliofiwa, na sitaki kulipuuza neno hilo. Lakini mimi nimewahi kufiwa, na najua thamani ya mtu anayebisha hodi na kukwambia kuna kitu bado unaweza kumfanyia uliyempoteza.

Nje ya Bengali nitapita haraka. Rajasthan kuna phad, kitambaa kirefu cha shujaa Pabuji au Devnarayan, kinachotandazwa usiku mbele ya wafugaji. Mwimbaji wa Pabuji hupiga fidla yake na mkewe hushika taa kumulika sehemu inayoimbwa. Huko picha hazifuati mpangilio wa kisa, zimepangwa kwa mahali yalipotokea, kwa hiyo bila mwimbaji utapotea kabisa. Phad ikichakaa haitupwi, huzamishwa majini kwa ibada. Telangana kuna magombo ya Cheriyal, yenye mandharinyuma nyekundu, ambayo kitambaa chake hupakwa uji wa mbegu za ukwaju. Kila moja la hayo linastahili jioni yake.

Turudi Bengali, kwa sababu pana jambo nataka wanafunzi walitafakari. Katika karne ya 19 baadhi ya wapatua walihamia Calcutta, ambayo leo huitwa Kolkata, wakakaa karibu na hekalu la Kalighat. Mahujaji walikuwa wengi na wana haraka, hakuna wa kukaa kusikiliza wimbo mzima. Wachoraji wakaacha magombo, wakaanza kuchora picha mojamoja kwenye karatasi za kiwandani: mungu, paka mwenye kamba wa majini mdomoni, bwana wa mjini na nywele zake za mafuta. Ni picha za kupendeza mno, mistari michache iliyokatwa kwa uhakika. Mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling alitoa mkusanyiko wa picha hizo kwa makumbusho ya Victoria and Albert ya London mwaka 1917, na mchoraji mkuu Jamini Roy alijifunza mengi kutoka kwao. Lakini zilipoingia picha za kupigwa chapa, nyingine kutoka Ujerumani, za bei poa na rangi za kung'aa, biashara ya Kalighat iliporomoka, na kufikia miaka ya 1930 ilikuwa imekwisha. Wenzao waliobaki vijijini na magombo yao waliendelea. Naamini sababu mojawapo ni kwamba mashine iliweza kuiga picha, haikuweza kukaa uani kwa mtu na kuimba.

Baadaye zikaja redio, sinema na televisheni, nazo zikawanyang'anya hata wasikilizaji. Wengi waliweka magombo darini wakatafuta vibarua. Wakati huo ndipo unapoona ukubwa wa kazi ya Gurusaday Dutt, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyezaliwa 1882 na kufariki 1941. Alizunguka vijiji akikusanya magombo, na pamoja na magombo aliandika nyimbo kutoka vinywani mwa waimbaji. Kitabu chake cha nyimbo hizo kilitoka mwaka 1939. Wakusanyaji wa picha walikuwa wengi. Waliouliza "na wimbo wake?" walihesabika.

Leo kitovu cha sanaa hii ni kijiji cha Naya, eneo la Pingla, wilaya ya Paschim Medinipur. Zamani wanaume ndio waliozunguka na mfuko, wanawake wakisaidia kusaga rangi nyumbani. Mzee Dukhushyam Chitrakar, bingwa wa nyimbo, alianza kuwafundisha wanawake kuchora na kuimba, ingawa kulikuwa na manung'uniko. Sasa wanawake ndio majina makubwa ya Naya, na wameleta mambo yao ndani ya gombo: mahari inayofilisi familia za mabinti, ndoa za utotoni, msichana kunyimwa shule.

Nisisitize kwamba gombo halijawahi kuwa la miungu peke yao. Mpatua alikuwa pia mleta habari. Medinipur iliimbiwa habari za Khudiram Bose, kijana wa huko aliyenyongwa na Waingereza mwaka 1908 akiwa na miaka 18. Wapatua wamechora mashambulizi ya New York ya 2001, wamechora Ukimwi, wamechora tsunami ya Desemba 2004. Hiyo ya mwisho inatugusa moja kwa moja, kwani mawimbi yale yalivuka bahari hadi pwani yetu, na Somalia ndiyo iliyoumia zaidi. Katika gombo la Moyna na Joydeb Chitrakar bahari imepewa uso, na chini yake miili, nyumba, ng'ombe na samaki wamechanganyika. Wimbo wake ni maombolezo. Na ugonjwa wa Corona ulipofunga dunia mwaka 2020, Swarna Chitrakar wa Naya alichora gombo lake na kuliimba. Hakuweza kwenda nyumba kwa nyumba, kwa hiyo alirekodiwa, na watu wakamtazama kwenye simu: kidole juu ya picha, sauti ikieleza ugonjwa na namna ya kujikinga.

Soko la sasa linanitia furaha na wasiwasi kwa pamoja. Picha za Naya ziko kwenye fulana, miavuli na birika za chai, na nyumba zimejengwa kwa fedha hizo. Hakuna mwenye haki ya kumwambia mtu arudi kwenye kipimo cha mchele. Lakini mnunuzi wa fulana hahitaji wimbo, na kijana akiona picha inalipwa na wimbo haulipwi, atajifunza kimoja.

Kwa hiyo nina ombi kwa yeyote kati yenu atakayejaliwa kufika Kolkata. Naya ni safari ya saa chache, kwa treni hadi stesheni ya Balichak, kisha kwa gari. Mwezi Novemba huwa na tamasha la siku tatu, Pot Maya, ambapo kila nyumba hufungua baraza lake. Mkifika msianze kwa kuuliza bei ya picha. Kaeni, ombeni muimbiwe gombo zima mpaka ule ubeti wa jina na kijiji, mkiruhusiwa rekodini, na wimbo mlipie bei yake kando na bei ya picha.